Sura ya Sita: Bali Iko Umbali Gani kutoka Kimilili?

"Nilale wapi, kwenye nyumba ya kifahari iliyozeeka au kwenye gesti mpya ya mjini?" Swali hili niliulizwa na mwalimu aliyekuwa akienda semina Kitale. Nikaulizwa na akina mama wa chama kimoja cha Bungoma waliotaka kulala usiku mmoja tu mahali ambapo hakuna wa kumpikia. Mwaka jana nikaulizwa na binti wa kaka yangu, aliyenipigia simu kutoka Kimilili harusi yake ikiwa imebakiza wiki saba.

"Senje," akasema, "mimi nataka Bali."

Kwetu senje ni shangazi, dada ya baba, na habari za ndoa humfikia yeye kabla hazijamfikia baba mwenyewe. Kwa hiyo sikushtuka. Akanitumia picha. Paa la nyasi nene kama mkate wa sikukuu, kitanda kilichozungushiwa chandarua cheupe, karai la kuogea lililochongwa katika jiwe moja, bafu lisilo na dari ambamo majani ya mgomba yanachungulia, na kidimbwi cha kuogelea cha watu wawili tu. Tukapiga hesabu ya nauli, kabla hata hatujagusa malazi na chakula. Bwana harusi, kijana anayeuza mbegu na mbolea Kamukuywa, alinyamaza muda mrefu, halafu akasema kwa pesa hizo angepata ng'ombe wa gredi na akabaki na chenji.

"Basi, senje, hapa karibu hakuna Bali?"

Ipo, kwa namna fulani. Kwenye miteremko ya Mlima Elgon na viunga vya Kitale kuna nyumba za wageni za zamani, zimetawanyika kwenye nyasi, kila moja na baraza lake. Enzi zake zilikuwa fahari. Bei imeshuka, ila si sana. Aliyelala huko mwezi uliopita atakuambia ni pepo. Aliyelala jana atakuambia maji yalikatika akiwa na sabuni machoni. Wote wawili wanasema kweli.

Boma la mgeni mmoja

Tuanze na neno lenyewe. Warumi wa kale waliita villa nyumba kubwa ya shambani ya mtu mwenye mali. Katika biashara ya hoteli leo, villa ni nyumba nzima anayopewa mgeni mmoja au familia moja: ina mlango wake, sebule yake, bafu lake na kipande chake cha ua. Hiyo ndiyo tofauti yake na chumba cha hoteli, ambacho unashiriki ukuta na mtu anayekoroma. Usiichanganye na banda pia. Mabanda ya Kapkuro ya Shirika la Wanyamapori, karibu na lango la Chorlim la Hifadhi ya Mlima Elgon, yanakupa paa, jiko na ukimya, na hayakuahidi zaidi ya hapo. Villa imeahidi, na kisa chetu kinaanzia kwenye hiyo ahadi.

Na Bali je? Ni kisiwa cha Indonesia chenye ukubwa wa kilomita za mraba 5,780 hivi. Chukua kaunti ya Bungoma uiunganishe na Trans Nzoia, uongeze kipande kidogo, utakuwa umeipata Bali. Ina mlima mtakatifu, Agung, wenye mita 3,031, mfupi kuliko Elgon wetu ambao kilele chake cha Wagagai, upande wa Uganda, hufika mita 4,321. Mbali ya bahari na mashamba ya mpunga, nadhani Mbukusu aliyeshushwa pale usiku asingepotea sana.

Sitanii. Nyumba ya asili ya Bali si jengo moja. Ni ua uliozungushiwa ukuta, na ndani yake vijumba mbalimbali: cha kulala wazee, cha wageni na sherehe, cha jiko, cha nafaka, na kwenye pembe inayoelekea mlimani, madhabahu ya ukoo. Ukipita langoni unakutana na ukuta mfupi unaokulazimisha kukata kona. Pepo wabaya, wanasema, hawajui kukata kona. Mtu hulala kichwa kikielekea mlimani au mashariki. Fundi hapimi kwa mita bali kwa mwili wa mwenye nyumba, shibiri zake na pima zake, ili nyumba imkae kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo.

Sasa linganisha na kwetu. Wabukusu wa zamani waliishi ndani ya ngome za udongo zenye handaki. Mabaki ya handaki la Chetambe, juu ya mji wa Webuye, ambako Waingereza waliwashambulia mwaka 1895, bado yanaonekana. Ndani ya boma kila mke alikuwa na nyumba yake, vijana wakubwa walikuwa na kibanda chao, ghala la nafaka lilisimama peke yake, na kulikuwa na kijumba cha mababu. Nyuma ya yote hayo ulikuwa mlima, ambao watu wa pande zote mbili za mpaka huuita Masaba, na ambako wengi husema ndiko walikotoka. Ukitaka kuona nyumba za aina hiyo bila kusumbua mwenye boma, Jumba la Makumbusho la Kitale limejenga mifano ya nyumba za asili kwenye bustani yake.

Kwa hiyo binti wa kaka yangu alipotamani kulala katika nyumba ndogo ya nyasi iliyozungushiwa ukuta chini ya mlima, alikuwa akitamani nyumba ya bibi yake mzaa babu. Tofauti ni karai la jiwe.

Mnazi uliotunga sheria

Mtindo huu uligeuka anasa kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1966 ilifunguliwa hoteli ya ghorofa kumi katika ufuo wa Sanur, Bali. Ilisimama juu ya minazi kama mlingoti, na wengi hawakuipenda. Baadaye ikawekwa sheria kwamba jengo lisipite urefu wa mnazi, yaani mita 15. Mwenye hoteli aliyetaka vyumba vingi hakuweza tena kupanda juu. Ilimbidi atandaze chini. Wasanifu wakaenda kutazama vijiji. Mmoja wao, Peter Muller wa Australia, alisanifu hoteli ya Amandari karibu na Ubud, iliyofunguliwa mwaka 1989, kama kijiji kabisa: vijia vya mawe kati ya kuta, na kila mgeni nyuma ya lango lake. Wenye hoteli duniani wakaiga, hata mwambao wetu wa Afrika Mashariki ukapata mabafu yasiyo na dari.

Waigaji wengi walichukua umbo la nyumba wakaacha kazi inayoiweka hai. Hilo nitalieleza kwa urefu, kwa sababu ndilo jibu la swali tuliloanza nalo.

Moshi uliofukuzwa

Paa la nyasi si paa la kudumu, na halikukusudiwa kuwa hivyo. Bali huezeka kwa nyasi ndefu iitwayo alang-alang, na nyasi hiyohiyo humea Afrika Mashariki. Wakulima huichukia kwa sababu mizizi yake haifi kwa jembe. Ikifungwa vizuri na paa likiwa na mwinamo mkali, maji huteremka juu ya nyasi za nje tu na zile za ndani hubaki kavu. Mwinamo ukiwa mdogo, maji hutulia, yakitulia huingia, yakiingia kuvu huanza kazi. Hata paa zuri huhitaji kuongezewa nyasi kila baada ya miaka michache, na kuezekwa upya kabisa kabla mtoto aliyezaliwa chini yake hajamaliza shule ya msingi.

Bibi yangu, aliyeishi Chwele, hakuwahi kulalamika kuhusu wadudu wa paa. Alikuwa akipika ndani. Moshi wa kuni ulipanda kila siku asubuhi na jioni ukapita katikati ya nyasi, ukazikausha, ukazipaka masizi, ukafukuza mchwa na bungo. Macho yake yaliumia, kifua chake kiliumia, na sitaki mtu yeyote arudi huko. Lakini paa lilipona.

Halafu ikaja villa. Mgeni anayelipa hataki moshi, na ana haki. Jiko likahamishwa mbali, moto ukazimwa, paa likabaki lilelile. Umeondoa dawa ukaacha mgonjwa. Hapo ndipo mwenye villa anapogundua kwamba lazima alipe fundi, na dawa ya wadudu, na dawa ya kuzuia moto, kwa kazi ambayo sufuria ya maharagwe ilikuwa ikiifanya bure.

Wengine hutafuta njia ya mkato: wanapiga mabati kwanza, kisha wanatandaza nyasi juu yake kama kofia. Kwa mbali inapendeza. Lakini nyasi iliyolala juu ya bati haipumui chini, ikilowa inabaki imelowa, na mwaka wa tatu unaanza kuona miche inaota juu ya nyumba ya mgeni.

Kisha kuna udongo. Nyumba ya udongo hukandikwa na kusiribwa upya kila mwaka, kwa kawaida kiangazi, na kwetu kazi hiyo ilikuwa ya wanawake, wakiimba na kusengenyana. Bali nako kuna umoja wa mtaa uitwao banjar, ambao wanachama wake husaidiana katika mazishi, sherehe na kazi za hekalu. Nyumba za namna hii ziliota ndani ya majirani. Ukiichukua nyumba ukaacha majirani, lazima ununue majirani kwa mshahara, kila mwezi, hata mwezi usio na mgeni. Hiyo ndiyo gharama ambayo picha haionyeshi.

Kwa ufupi: villa ya aina hii si kitu kinachojengwa kikaisha. Ni kitu kinachojengwa kila msimu. Siku ukarabati unaposimama, uzee huanza, hata kama jengo lina miaka minne.

Chumba namba tano

Miaka kadhaa iliyopita nililala siku tatu katika nyumba moja ya kale ya wageni chini ya mlima. Sitaitaja. Ilikuwa Aprili, na mvua ya Trans Nzoia, ile inayoanza saa nane mchana kana kwamba imeajiriwa, ilikuwa imefika. Nilipewa chumba namba tano. Sakafu ya mbao ilikuwa nzuri ajabu, ya mti mgumu wa mlimani, imeng'arishwa na miguu ya miaka mingi. Harufu ilikuwa ya choo.

Mhudumu aliomba radhi, akaleta udi. Udi ukachanganyika na choo, tukawa na matatizo mawili. Ndipo akaja mzee wa bustani, akanyanyua kopo la maji, akamwaga kwenye tundu la sakafu la bafuni na lingine kwenye sinki, akasema, "Subiri kidogo, mama." Baada ya nusu saa harufu ikaisha.

Alichofanya kinastahili kuelezwa. Chini ya kila sinki na kila tundu la bafu kuna bomba lililopinda kama shingo ya bata. Kwenye mpindo huo hubaki maji kidogo, na maji hayo ndiyo mlango unaozuia hewa ya shimo kupanda chumbani. Chumba kisipolaliwa kwa wiki kadhaa maji yale hukauka, mlango unafunguka, na shimo linapumua kwenye mto wako. Namba tano haikuwa imelaliwa tangu Krismasi. Ndiyo maana nasema chumba cha hoteli huharibika kwa kulaliwa, lakini huharibika zaidi kwa kutolaliwa. Madirisha hayafunguliwi, magodoro yanavuta unyevu, mpira wa bomba unakauka na kupasuka, panya wanapata makazi.

Maji ya moto nayo yalikuwa na hadithi. Nyumba nyingi za kale za nyanda za juu hupasha maji kwa pipa la chuma lililojengewa nyuma ya nyumba, na kuni zikawashwa chini yake. Mfumo huo haujali stima ikikatika. Unajali jambo moja tu: mtu wa kuwasha moto saa kumi na moja jioni. Siku ya kwanza alikuwepo, nikaoga kama malkia. Siku ya pili alikuwa na matanga Kiminini. Nikaoga kama mwanafunzi wa bweni. Na hata moto ulipowaka maji yalitoka kwa uchovu, kwa sababu mabomba ya zamani ya chuma huota kutu ndani, tundu likazidi kuwa dogo mwaka hadi mwaka, kama mshipa wa mzee anayependa mafuta.

Asubuhi ya tatu mawingu yaliondoka. Mlima wote ukatokea, bluu, na ukungu kiunoni kama leso. Kwenye mti mbele ya baraza walikuwa mbega weusi kwa weupe, wakiruka na mikia yao ile kama shela ya bibi harusi. Nikakaa na chai hadi saa nne. Gesti mpya ya mjini isingenipa hayo hata ingeongeza vigae vingapi.

Nyumba za kale za Elgon zilitoka wapi

Nitalipita hili haraka kidogo. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mashamba ya walowezi wa Kizungu yakapata njia ya kusafirisha mahindi na kahawa. Mwaka huohuo Hugh Stoneham, mwanajeshi aliyependa vipepeo na vitu vya kale, alianzisha hapo makumbusho yake binafsi; baada ya kifo chake yakawa makumbusho ya taifa, yakafunguliwa Kitale mwaka 1974. Walowezi walijenga nyumba za shamba zenye mahali pa moto, baraza pana na bustani za maua ya kwao, yaani villa kwa maana ileile ya Kirumi. Walipoondoka baada ya uhuru, baadhi ya nyumba hizo ziligeuzwa malazi ya wageni. Mount Elgon Lodge, iliyo kabla tu ya lango la Chorlim, ni ya ukoo huo. Hifadhi yenyewe, kilomita za mraba 169 upande wa Kenya, ilitangazwa mwaka 1968.

Serikali nayo iliingia kwenye biashara. Shirika lake la kuendeleza utalii, lililoundwa miaka ya 1960, liliwekeza mikoani ambako wafanyabiashara binafsi hawakutaka kwenda: Golf Hotel ya Kakamega, Sunset Hotel ya Kisumu, Kabarnet Hotel, na hiyo Mount Elgon Lodge. Wazo lilikuwa jema. Bila hilo mgeni aliyekuja Magharibi mwa Kenya angelala wapi? Baadaye hoteli hizo zikaingizwa kwenye orodha ya mali za serikali zinazotakiwa kuuzwa. Jaribu kufikiria nyumba yako ikiwa imetangazwa kuuzwa na mnunuzi hajaja. Utapaka rangi? Hutapaka. Wala mnunuzi hatapaka, kwa kuwa bado si yake.

Mlima ulikuwa na mikosi yake pia. Pango la Kitum, ambalo ndovu huingia gizani takriban mita 200 kuchimba chumvi kwa pembe zao, lilihusishwa na watu wawili waliougua homa ya Marburg, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, na kitabu cha Mmarekani Richard Preston kikalifanya jina hilo kuogopwa duniani kote. Kisha yakaja mapigano ya ardhi ya miaka ya 2006 hadi 2008 upande wa Mlima Elgon, na operesheni ya jeshi iliyofuata. Watu waliuawa na wengine wakapotea. Habari ya vitanda vitupu ni ndogo mbele ya hayo. Ila vitanda vilikuwa vitupu, na umeona tayari kinachotokea kwa chumba kisicholaliwa.

Pesa ya shuka na pesa ya paa

Hoteli ina gharama za aina mbili, na wageni hawazioni sawasawa. Kuna pesa ya shuka: sabuni, chai, mishahara, umeme. Hiyo ikikosekana leo, mgeni ataona leo. Na kuna pesa ya paa: mabomba, nyasi, magodoro, nyaya za umeme. Hiyo ikikosekana leo, mgeni ataona baada ya miaka mitano. Kwa hiyo meneja mwenye shida hukopa kwenye pesa ya paa, na ni mkopo ambao hakuna anayeuandika popote.

Makampuni makubwa ya hoteli duniani yanalijua hilo. Desturi ya mengi ni kuweka kando kiasi cha asilimia 4 ya mapato, mwaka mwema na mwaka mbaya, kwa ajili ya kubadilisha vitu vilivyochakaa. Na hata hivyo haitoshi milele. Bali Hyatt ya Sanur, moja ya hoteli za mwanzo kutandazwa chini ya minazi, ilifunguliwa 1973. Baada ya miaka 40 ikafungwa, mwaka 2013, na haikupokea wageni tena hadi 2019. Bustani yake mashuhuri ilibaki. Walijua mti wa miaka 40 haununuliwi dukani.

Kwetu hesabu hiyo ni ngumu zaidi kwa sababu wageni huja kwa mafungu. Bungoma hujaa Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, wakati wa tohara, watoto wa nyumbani wakirudi kutoka Nairobi na ng'ambo na kukuta nyumba ya baba imejaa wajomba. Hujaa Desemba. Hujaa kaunti zikiwa na semina. Katikati ni kimya. Gesti ya mjini huponea kwa madereva na wauzaji wa jumla wa kila siku. Villa iliyo kilomita 20 nje ya lami haina madereva.

Kuhusu nyota zilizochorwa langoni nina neno moja tu. Nyota hutolewa baada ya ukaguzi wa mamlaka ya udhibiti wa utalii, na ukaguzi una tarehe. Ulizia tarehe. Nyota ya kupakwa rangi na mwenye nyumba mwenyewe ni pambo.

Kwa ufupi: umri wa nyumba hausemi mengi. Nani anaitunza, alipewa nini mwaka huu, na wageni wa mwisho waliondoka lini, hayo ndiyo yanasema.

Bali bila baridi

Kabla ya maswali ya kuuliza kwa simu, onyo moja kuhusu kunakili. Bali iko karibu na usawa wa bahari kwenye fuo zake, na joto lake hucheza karibu nyuzi 30 za selsiasi mchana, usiku likashuka kidogo tu. Bafu lisilo na dari huko ni akili. Bungoma iko kwenye mita 1,400 hivi, na Kitale 1,900. Usiku wa Kitale unaweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini, na ukipanda kuelekea Endebess ni koti. Aliyejenga bafu la wazi pale alijenga picha. Mlowezi, kwa makosa yake yote, alijenga mahali pa moto.

Niliyomwambia aulize

Binti wa kaka yangu alitaka jibu la ndiyo au hapana. Nilimpa maswali, kwa sababu nyumba ileile inaweza kuwa ndiyo Januari na hapana Mei. Apige simu, asizungumze na meneja tu, aombe pia mtu wa vyumba:

- Chumba hicho kililaliwa lini mara ya mwisho? Kama ni zamani, wafungue madirisha na wamwage maji kwenye matundu yote siku mbili kabla.
- Maji ya moto ni ya kuni, jua au stima, na anayewasha ni nani asipokuwepo yule wa kawaida?
- Paa liliongezewa nyasi mwaka gani? Anayejibu "hivi karibuni" hajui.
- Kutoka lami hadi mlangoni, gari dogo hupita mvua ikinyesha?
- Chakula kinapikwa kila siku, au kinapikwa mgeni akiagiza tangu jana?
- Naweza kuona vyumba viwili kabla ya kulipa?

Swali la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote. Katika nyumba iliyozeeka vyumba havizeeki pamoja. Daima kuna kimoja au viwili ambavyo wafanyakazi wenyewe huvipenda, vinapata jua la asubuhi, viko karibu na pipa la maji ya moto, na huwekewa jamaa wa wenyewe. Omba hicho. Na ukifika, jua jina la mzee wa bustani kabla ya jina la meneja.

Aliogopa kupiga, eti atachekwa. Nikapiga mimi. Ikapokea sauti ya mwanamume wa makamo, nyuma yake jogoo akiwika.

"Chumba cha mwisho karibu na mti mkubwa kililaliwa juzi, mama. Ni kile kizuri. Nyasi zililetwa Januari, nilizifunga mimi mwenyewe na kijana wangu. Kuni zipo."

"Na lile bafu la nje lisilo na dari? Bibi harusi ameliona kwenye picha."

Akacheka kwanza. "Hiyo picha ni ya zamani. Tuliliezeka mabati, mama. Wageni walikuwa wanaondoka na mafua."

Nikampigia binti wa kaka yangu nikamweleza kila kitu, mti, nyasi, kuni, na nikaacha mabati mwisho. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama lile koti zito la baba yake, la kulindia mahindi usiku, lingemtosha bwana harusi mabegani.